Mtoto mwenye kansere: asikate dawa, asikate masomo



Ukurasa huu umezoea kusema nanyi juu ya kofia ngumu, viatu vya usalama, vumbi la mgodi, na namna ya kuinua mzigo bila kuumiza mgongo. Leo tunatoka kazini tunaingia nyumbani. Tunataka kuzungumza juu ya mtoto anayepata kansere, na juu ya wazazi, ndugu na walimu wanaomzunguka.

Labda utasema: kansere ni ugonjwa wa wazee, inatuhusu nini sisi wenye watoto wadogo? Inatuhusu. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba kila mwaka watoto na vijana karibu 400,000 wenye umri wa chini ya miaka 20 hupatwa na kansere duniani. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi zenye uwezo mdogo, hawafiki 30. Kansere ni zile zile, na dawa nyingi zinazotumiwa ni za zamani, zinajulikana tangu miaka mingi. Basi tofauti hiyo inatoka wapi? Sehemu moja inatoka kwa kuchelewa kufika hospitali, na sehemu nyingine kwa upungufu wa dawa na waganga. Lakini iko sehemu ambayo watu hawaisemi sana: mtoto ameanza dawa, dawa zinafanya kazi, halafu wazazi wanamrudisha nyumbani kabla ya mwisho.

Juu ya jambo hilo tunataka kukaa kidogo.

Uvimbe unaokwisha haraka

Mwaka 1958, mganga mmoja wa upasuaji, Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wengi wa Uganda. Taya linavimba, meno yanalegea, uso unapinda. Kwa watoto wengine uvimbe unakuwa ndani ya tumbo. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walipanda gari huko Kampala, wakashuka mpaka Johannesburg, safari ya karibu kilometa 16,000, wakiuliza kila hospitali njiani kama wameuona ugonjwa huo. Wakatambua kwamba unapatikana zaidi katika nchi za joto na mvua, na kwamba milimani penye baridi hauonekani sana. Leo tunajua kwamba malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara ina sehemu yake, pamoja na virusi vilivyogunduliwa mwaka 1964 na Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong katika uvimbe uliotumwa kutoka Uganda. Lubumbashi iko juu, karibu meta 1,200, lakini wengi wetu tuna watoto na wajukuu wanaokua kwenye mabonde ya chini yenye joto na mbu, huko Luapula na kando ya ziwa Moero. Ugonjwa huo unaitwa mpaka leo kwa jina la Burkitt.

Kwa nini tunawasimulia hayo? Kwa sababu ya jambo ambalo waganga wa Kampala waliliona miaka ile ya sitini. Walipompa mtoto dawa ya kansere, uvimbe mkubwa kama ngumi uliyeyuka kwa siku chache tu. Mama anamtazama mtoto wake: uso umerudi, anakula bukari, anacheza. Kwa macho ya mama, mtoto amepona.

Hajapona bado. Macho hayawezi kuona chembe za ugonjwa zilizobaki ndani ya damu, ndani ya uboho wa mifupa au ndani ya maji ya uti wa mgongo. Uvimbe wa Burkitt ni mmoja wa uvimbe unaokua upesi kuliko zote kwa binadamu. Unaweza kukua mara mbili kwa siku moja au mbili. Chembe chache zikibaki, zinaanza tena, na mara ya pili mara nyingi dawa ya kwanza haizitishi.

Ndiyo sababu mganga anasema: majuma kadhaa, au miezi kadhaa, hata kama mtoto anaonekana mzima. Kwa ugonjwa wa Burkitt ni miezi michache ya dawa kali. Kwa kansere ya figo, ile inayoanza kama jiwe tumboni mwa mtoto mdogo, dawa hutangulia, upasuaji hufuata, kisha dawa tena, na yote inaweza kuchukua zaidi ya nusu mwaka. Kansere ya damu ni ndefu kuliko zote: miaka miwili mpaka mitatu, ingawa sehemu kubwa ya muda huo mtoto anakaa nyumbani na kumeza dawa zake hapo.

Waganga wa watoto duniani wamekubaliana juu ya kipimo kimoja: mtoto aliyekosa matibabu majuma manne mfululizo, anahesabiwa kuwa ameacha matibabu. Weka hesabu hiyo kichwani. Juma moja la matanga, juma moja la kukosa nauli, juma moja la kungoja mshahara, juma moja la kusema “tutakwenda Jumatatu”, na majuma manne yamekwisha.

Usione haya ukiwa umekosa siku yako. Rudi. Wazazi wengine wanaogopa kugombezwa na muuguzi, basi wanajificha, na siku tatu zinakuwa miezi mitatu. Maneno makali ya muuguzi ni afadhali kuliko kukaa nyumbani.

Jina la mtoto liko kwenye karatasi?

Ni nini kinachowafanya wazazi waondoke? Mara nyingi ni franga.

Huko Eldoret, nchini Kenya, waganga wa hospitali kubwa ya Moi waliwafuata watoto wenye kansere, wakaona kwamba wale ambao wazazi wao hawakuwa na bima ya afya waliacha matibabu mara nyingi zaidi kuliko wenye bima. Karatasi ya bima haikubadili ugonjwa wala dawa. Ilibadili tu nani anabaki mpaka mwisho.

Wewe mtumishi wa mgodi unayo karatasi yako. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamwagiza mwajiri kutoa matibabu kwa mtumishi na jamaa yake wakati wote wa mkataba: mganga, upasuaji, dawa, kulazwa hospitalini. Haisemi kansere haimo. Haisemi pia kwamba haki hiyo ni ya watumishi wa kampuni kubwa tu. Aliyeajiriwa na kampuni ndogo inayofanya kazi ndani ya mgodi wa kampuni kubwa, naye ana mwajiri, na mwajiri huyo anashikwa na sheria ile ile.

Lakini jamaa ya mtumishi ni ile iliyoandikwa. Hapa ndipo tunapoona taabu nyingi. Mtoto amezaliwa, baba amesema “nitamwandikisha mwezi ujao”, na mwaka umepita. Au mtoto ni wa marehemu kaka yako, unamlea tangu akiwa mdogo, anakuita baba, kila mtu wa mtaa anajua ni wako, lakini ofisi ya watumishi haimjui. Mtoto wa kulea anaweza kuingia katika jamaa yako, ila kwa karatasi za sheria za kumlea, si kwa neno la mdomo. Nenda ukaulize leo, akiwa mzima. Kutafuta cheti cha kuzaliwa na karatasi ya korti huku mtoto amelazwa ni kazi ya kumaliza nguvu.

Wako pia watoto wanaolelewa na babu zao waliokuwa watumishi. Mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na pamoja na kazi haki ya kutibiwa na kampuni ikakoma kwao. Mzee aliyezoea zamani kuingia hospitali ya kampuni bila kuulizwa kitu, anaweza kusahau kwamba mjukuu hana kitu mkononi. Ikiwa baba au mama wa mtoto huyo ni mtumishi mahali fulani, hata Likasi, hata Kolwezi, ni kwake ndipo jina liandikwe.

Halafu iko gharama ambayo hakuna karatasi inayoilipa yote. Mtoto wa Kipushi anakuja mjini na kurudi siku moja. Wa Likasi ana kilometa 120 za njia. Mama anayelala hospitalini lazima ale, lazima anunue sabuni, makaa na kadi ya simu. Pigeni hesabu hiyo siku ya kwanza, baba na mama pamoja, kwa miezi yote iliyotajwa na mganga, si kwa juma la kwanza peke yake. Katika jamaa nyingi, juma la kwanza wajomba na shangazi wote wanakuja na vyungu. Mwezi wa tatu hakuna anayekuja. Afadhali uwaambie mapema: “Msilete yote leo. Wewe utasaidia nauli mwezi wa pili, wewe mwezi wa nne.” Kundi la likelemba linaweza kukubali kukupa zamu yako ya kupokea mapema, kama wenzako wameelezwa sababu. Wanaokataa ni wachache.

Mganga akisema mtoto apelekwe mbali, Kinshasa, au ng'ambo ya Kasumbalesa kwa ndugu zetu wa Zambia, uliza kwanza karatasi gani zitatakiwa na nani atalipa nini, na jibu liandikwe. Usiuze kiwanja siku hiyo hiyo kwa sababu ya hofu.

Baba asiyelala na kazi ya mgodi

Tunarudi kwenye usalama kidogo, maana ukurasa huu ni wake.

Tuseme mtumishi mmoja anaendesha lori kubwa la kubeba mawe. Mchana amekaa hospitalini, usiku anaingia zamu. Hajalala vizuri siku nne. Kichwa chake kiko kwenye kitanda cha mtoto, na mikono yake iko kwenye usukani wa gari lenye uzito wa nyumba. Mtu huyo ni hatari kwake na kwa wenzake, na si kosa lake kwamba mtoto ni mgonjwa. Kosa ni kunyamaza.

Mwambie kapita wako. Huna lazima ya kueleza ugonjwa wote. Sema tu: mtoto wangu anatibiwa kwa miezi kadhaa, siku za dawa ni hizi, naomba nibadilishwe zamu siku hizo. Mpe tarehe zilizoandikwa na mganga. Kapita anaweza kupanga watu kwa tarehe. Hawezi kupanga kwa mtu anayekosa kazi ghafula mara tano halafu akafukuzwa. Na nyinyi wenzake wa kazi, kubadilishana zamu na baba wa mtoto mgonjwa ni msaada mkubwa kuliko bahasha.

Ninyi makapita mnaosoma, msimchekeshe mtu mbele ya wengine eti anafanya kazi ya wanawake hospitalini. Mtoto anatulia akimwona baba, na mama anapata usiku mmoja wa kulala kitandani.

Daftari hospitalini

Tufike sasa kwenye masomo. Wazazi wengi wanafikiri hivi: kwanza apone, masomo baadaye. Mawazo hayo yanatoka katika huruma, lakini sisi hatukubaliani nayo.

Mtoto wa miaka tisa aliyeambiwa asifikiri tena juu ya masomo anaelewa jambo moja tu: wakubwa hawatazamii kwamba nitaishi. Hawatamwambia, lakini ataona. Mpe daftari na kalamu, mwambie mwalimu anangoja hesabu zake, naye ataelewa kinyume chake. Tena, mtoto mwenye kazi ya kesho anavumilia sindano ya leo vizuri zaidi. Waulize wauguzi, watakuambia.

Ndugu zetu wa nchi jirani wameliona hilo. Katika hospitali ya Kenyatta, Nairobi, kuna walimu wanaofundisha watoto waliolazwa. Huko Muhimbili, Dar es Salaam, shirika la Tumaini la Maisha linasaidia wodi ya watoto wenye kansere. Kuna mafundisho na michezo, na kuna nyumba iitwayo Ujasiri ambamo jamaa zilizotoka mbali zinakaa wakati wa matibabu, zisilazimike kurudi mkoani kila mara. Hapa kwetu, mahali ambapo wodi haina mwalimu, mwalimu atakuwa wewe, au dada mkubwa, au mwanafunzi jirani. Haihitaji mambo makubwa. Nusu saa ya kusoma Kifaransa na nusu saa ya hesabu, siku ambazo mtoto ana nguvu, inatosha kumzuia asisahau.

Siku gani ana nguvu? Hii inafaa ijulikane, maana inasaidia kupanga. Dawa nyingi za kansere hutolewa kwa mzunguko, kwa mfano kila majuma matatu. Siku mbili tatu za kwanza mtoto anatapika, anachoka, hataki harufu ya chakula. Kisha anainuka. Lakini karibu na siku ya saba mpaka ya kumi na nne, chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, zinapungua sana. Mtoto anaweza kuonekana mwenye furaha, lakini hana askari. Siku hizo asikae katika darasa la watoto 60. Juma la mwisho kabla ya dawa nyingine, damu imepanda, na mara nyingi ndilo juma la kwenda masomoni. Mwulize mganga wako, maana kila dawa ina desturi yake, na aangalie damu kwanza. Kisha chukua kalenda, paka rangi siku za hospitali, siku za nyumbani na siku za darasa. Mpe mwalimu kalenda ya pili iliyo sawa na hiyo.

Nenda umwone direkta wa masomo mwenyewe, ukiwa na barua ya mganga. Usimtume mtoto mwingine na maneno ya mdomo. Barua iseme kwamba mtoto anatibiwa, kwamba ugonjwa hauambukizi, kwamba atakosa siku fulani fulani, na kwamba asifutwe kwenye orodha. Omba mambo manne tu. Aruhusiwe kuvaa kofia darasani, maana nywele zitaanguka. Zitaota tena dawa zikiisha. Aruhusiwe kutoka kunywa maji na kwenda chooni bila kungoja. Asilazimishwe kukimbia wala kubeba ndoo za maji, kwa sababu dawa nyingine inalegeza miguu, na mtoto anajikwaa kama mlevi. Na la nne, ambalo ndilo kubwa: kukitokea surua au tetekuwanga darasani, mwalimu akupigie simu siku ile ile. Magonjwa hayo, ambayo mtoto mwingine anayavumilia, yanaweza kumwua mtoto aliye katika dawa za kansere. Mganga akipata habari mapema, ana la kufanya.

Ikiwa masomo ya mtoto yana zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana, omba apewe ile ambayo haigongani na hospitali. Akiwa darasa la sita, sema na direkta mwanzoni mwa mwaka juu ya mtihani wa taifa wa kumaliza masomo ya msingi, si majuma mawili kabla. Na ikiwa itampasa arudie darasa, arudie bila aibu. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali hayalipiwi. Mwaka mmoja wa kurudia si hasara kama zamani. Kwa masomo ya sekondari ni mambo mengine, karo iko pale pale, basi ongea na direkta usilipe miezi ambayo mtoto amelazwa.

Watoto wenzake watauliza. Mwalimu afadhali aseme wazi kuliko kuacha uvumi utembee: mwenzenu ana ugonjwa unaoitwa kansere, hauambukizi kwa kushikana mikono wala kwa kunywa kikombe kimoja, dawa zake zinaangusha nywele na kuvimbisha uso. Kwa mtoto aliyetolewa jicho kwa sababu ya kansere ya jicho, hilo ni la lazima zaidi. Wazazi wengi wanakataa upasuaji huo, wakisema mtoto atachekwa maisha yake yote. Tunawaelewa. Lakini jicho lenye kansere halioni tena, na kansere inapita nyuma yake kwenda kwenye ubongo. Mtoto mwenye jicho moja anasoma, anaandika, anacheza mpira. Jicho la bandia likitiwa, wengi hawatambui.

Wale waliobaki nyumbani

Sasa sikilizeni jambo ambalo hospitali haiwezi kuliona, kwa maana linatokea nyumbani. Mama amekwenda kulala na mgonjwa. Baba yuko kazini. Nani anapika? Nani anachota maji, nani anawaosha wadogo? Ni binti mkubwa, wa miaka 13 au 14. Juma la kwanza anachelewa masomoni. Juma la pili anakosa siku mbili. Mwisho wa mwezi amekaa nyumbani, na hakuna mtu aliyesema neno la kumkataza masomo. Yamekwisha tu yenyewe. Mtoto mmoja anaugua, wawili wanapoteza mwaka.

Basi siku ile mnapopanga nauli, pangeni pia jikoni. Bibi aje kutoka kijijini kwa miezi miwili, shangazi afuate. Jirani apokee wadogo kula mchana. Baba ajifunze kukoroga bukari kama hajui. Wazee wetu waliokuja peke yao kufanya kazi Union Minière walijipikia, wala ndevu zao hazikuanguka.

Wale wadogo nao wana mawazo yao. Mmoja anafikiri alimsukuma kaka yake na ndiyo sababu ameugua. Mwingine ana wivu, kwa maana mgonjwa anapewa samaki na soda. Wapelekeni hospitalini kumtazama siku ambazo mganga anaruhusu, na waambieni ukweli kwa maneno madogo.

Na kuna neno baya ambalo huzaliwa nyumbani na mitaani: uchawi. Mtu anatafuta nani amemla mtoto, au anamnyooshea kidole mtoto mwenyewe, au yatima anayelelewa humo. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu. Atakayetaka kusali, asali. Mchungaji mwenye akili atakuombea kando ya kitanda hospitalini. Anayekuambia umtoe mtoto hospitalini kwa siku arobaini za maombi, au umpe mizizi juu ya dawa za mganga, anacheza na yale majuma manne tuliyoyataja.

Homa haingoji asubuhi

Chakula hakina siri nyingi. Bukari, sombe iliyopikwa sana, maharagwe, mayai yaliyoiva, samaki, matunda yaliyooshwa na kumenywa. Maji yachemshwe. Mikono ioshwe kwa sabuni, kwanza ya wageni. Chandarua kila usiku. Chanjo za mtoto mgonjwa mwulize mganga, maana nyingine hazitolewi wakati wa dawa hizi. Lakini ndugu zake wa nyumbani wapate chanjo ya surua bila kukosa, wawe ukuta wake.

Neno moja mlishike kuliko yote ya sehemu hii. Mtoto aliye katika dawa za kansere akipata homa ya digrii 38 au zaidi, ni ajali. Usimpe dawa ya homa ukalala. Usingoje kwanza dawa ya malaria imalize siku tatu. Mpeleke hospitalini usiku huo huo, na mlangoni sema mara moja: huyu anatumia dawa za kansere. Akitoka damu puani isiyokoma, au akipumua kwa shida, ni vile vile.

Iko siku nyingine ambayo hatupendi kuitaja. Mganga anaweza kuwaita na kusema kwamba dawa hazishindi tena. Hapo matibabu hayajakwisha, yamegeuka: kazi sasa ni kuondoa maumivu, na dawa za maumivu makali zipo, ni haki ya mtoto kuzipata. Msiondoke kimya usiku. Ombeni mwelezwe namna ya kumtunza nyumbani, na nani wa kumpigia. Na kama mtoto bado anataka daftari lake, apewe. Mwalimu akija kumtazama kitandani na kumsahihishia ukurasa mmoja kwa kalamu nyekundu, hajapoteza wakati wake.

Kwa yule ambaye leo amepewa tarehe ya kwanza: nunua daftari moja lenye jalada gumu. Mbele andika jina la ugonjwa kama mganga alivyoliandika, majina ya dawa, na kila tarehe aliyopewa mtoto. Nyuma andika namba za simu za wodi, za kapita na za mwalimu. Daftari hilo likae ndani ya mfuko pamoja na kadi ya mtumishi, karibu na mlango, mahali ambapo hata binti mkubwa anaweza kulipata gizani umeme ukikatika.